Ofisi ya Kanda ya Kupunguza Saa

Mwezi wa tatu mwaka huu umma wa Nyanda za Juu Kusini ulitangaziwa kwamba uchovu umefutwa. Tangazo lilibandikwa kwenye nguzo za umeme kuanzia Mwanjelwa mpaka Ilula, likiwa na mhuri wa buluu, sahihi mbili na picha ya mtu aliyelala fofofo huku amevaa kofia ya kiwandani. Chini ya picha iliandikwa kauli mbiu: PUMZIKA KWA BIDII, TAIFA LISONGE MBELE. Iliyolitoa ni Ofisi ya Kanda ya Kupunguza Saa za Kazi Viwandani, ambayo ndiyo kwanza ilikuwa imezaliwa na tayari ilikuwa na mkurugenzi, naibu mkurugenzi, magari mawili na kamati saba. Kamati ya nane ilikuwa njiani.

Mtu aliyekabidhiwa jukumu la kuuteremsha upunguzaji huo hadi ngazi ya chini, upande wa Iringa, alikuwa Bwana Crispin Mhapa, Mratibu wa Kituo cha Ilula. Kituo chenyewe kilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la mbolea. Ndani mlikuwa na meza, kiti, na bangokitita kubwa ukutani lenye safu za malengo, viashiria na maelezo. Crispin hakuwa mtu mbaya, na tunalisema hilo mapema ili asije akaonewa. Alikuwa mtu mwenye imani tu. Wenzake waliamini mvua, yeye aliamini waraka, na kila asubuhi kabla ya chai aliusoma ukurasa mmoja.

Kiwanda alichopangiwa kilikuwa cha nyanya za kopo na tomato sosi, mali ya Moiz, ambaye babu yake alianza Iringa mjini na duka la vitambaa na yeye akaona nyanya zina maisha marefu kuliko mitindo. Palikuwa na wafanyakazi sitini na wanne, wengi wao akina mama. Waliingia saa moja asubuhi na kutoka saa kumi na moja jioni, yaani saa kumi kwa siku. Waraka ulitaka ziwe nane, watu watoke saa tisa alasiri. Crispin alikwenda kumwona Moiz akiwa amejiandaa kwa mapambano.

"Bwana Mratibu, waraka wako nimeusoma," Moiz alisema. "Naona una maana. Hawa mama ikifika saa tisa wamechoka. Nyanya iliyooza inapita kwenye mkanda kama bibi harusi, kila mtu anaitazama na hakuna anayeigusa. Juzi nimerudishiwa katoni arobaini. Nikifunga saa tisa sipotezi kitu."

"Kwa hiyo unakubali?"

"Nakubali. Nianze kesho?"

Crispin alipekua kitini chake. Katika mafunzo ya wiki tatu kule Mbeya walikuwa wamefundishwa namna ya kumkabili mwenye kiwanda anayekataa, kwa hatua kumi na moja, kuanzia kumsihi hadi kumtisha. Mwenye kiwanda anayekubali hakuwemo kwenye kitini.

"Huwezi kuanza kesho, bosi. Haujazinduliwa."

"Nini hakijazinduliwa?"

"Upunguzaji. Ukipunguza kabla ya uzinduzi, huo unakuwa upunguzaji holela."

"Na mtu akipunguza kiholela anafanywaje?"

"Anarudishiwa saa zake zote, halafu anaanza upya."

Moiz alimtazama, akaitazama saa ya ukutani, akaagiza chai. Alikuwa mtoto wa nchi hii na hakuhitaji kufafanuliwa. Kwetu kitu hakianzi mpaka kizinduliwe. Kisima kinaweza kuwa na maji, zahanati ikawa na dawa, choo cha shule kikawa na mlango na watoto wamejipanga nje wamebana miguu. Kama utepe haujakatwa, hivyo bado ni majengo. Na utepe haukatwi na mtu yeyote tu mwenye mkasi. Unakatwa na mgeni rasmi.

Maandalizi yakaanza. Ziliundwa kamati ndogo za mapambo, chakula, itifaki na kwaya. Kwa kuwa wakati wa kazi ni wakati wa kazi, mazoezi ya kwaya yaliwekwa baada ya kazi, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili jioni, kila siku, mahudhurio ni ya lazima. Wimbo ulikuwa na beti tisa za kuishukuru Ofisi kwa kutupumzisha. Crispin, ambaye hakuwa mtu wa kuficha takwimu, alijaza bangokitita lake kwa uaminifu. Muda wa kazi: saa kumi na moja. Maelezo: ongezeko la mpito kuelekea upungufu.

"Wakitupunguzia tena kidogo tutahamia humu humu," alisema Devota, aliyekuwa akiimba sauti ya pili. Crispin akaliandika hilo chini ya maoni ya wadau.

Sasa, katika wale sitini na wanne, mmoja alikuwa Rozalia, mke wa Crispin mwenyewe. Alisimama kwenye mkanda wa kuchambulia nyanya, wa tatu kutoka dirishani, mwaka wa sita huo. Na Rozalia alikuwa na kinyungu. Kwa asiyejua, kinyungu ni bustani ya bondeni ambayo watu wa Iringa hulima kiangazi, mvua ikishaondoka, kwa kutegemea unyevu wa ardhi na maji ya mfereji. Chake kilikuwa cha maharage, matuta kumi na manne. Maharage hayo ndiyo ambayo nyumba yao iliyategemea kuanzia mwezi wa kumi mpaka mvua irudi, maana cheo cha Mratibu kilikuwa bado cha majaribio na majaribio hayaliwi na ugali.

Maji ya mfereji nayo yana kamati yake. Kamati hiyo haina mhuri wala gari. Ina Mama Veneranda, daftari la shule na kalamu nyekundu. Kila mwenye kinyungu ana saa moja kwa wiki, na saa yake ni yake. Kutuma mtu ni sawa na kukosa, kwa sababu zamani waliotumwa walikuwa wakiyageuzia maji kwa shemeji zao. Ukikosa mara tatu mfululizo, saa yako anapewa anayefuata kwenye orodha, nawe unakwenda mwisho wa daftari. Mikutano ya kamati hiyo hufanyika kwa kusimama, na huisha kabla miguu haijauma.

Zamu zilipopangwa upya mwishoni mwa mwezi wa saba zilikuwa zimebaki nafasi mbili, Jumapili alfajiri na Alhamisi saa kumi jioni. Rozalia alitaka Jumapili. Crispin akamcheka kidogo, kicheko cha mtu mwenye habari za ndani.

"Mama Eveline, chukua Alhamisi," alimwambia. "Uzinduzi ni mwanzoni mwa mwezi wa nane. Kuanzia hapo unatoka saa tisa, saa kumi uko bondeni, na Jumapili unakwenda misa ya kwanza umetulia kama mama wa watu."

Rozalia akachukua Alhamisi. Mwanamke aliyeolewa na ofisi huamini tarehe.

Mwanzoni mwa mwezi wa nane mgeni rasmi, Mkurugenzi wa Kanda, hakuja. Alikuwa Mbeya akizindua kamati ya nane. Wiki iliyofuata alijiandaa kuja, ikagundulika kwamba utepe ulionunuliwa ni wa pinki, wakati mwongozo unataka utepe wa rangi za Ofisi, na rangi za Ofisi zilikuwa hazijateuliwa. Alhamisi mbili Rozalia aliitazama saa ya ukutani ikiipita saa kumi, naye amesimama kwenye mkanda na nyanya mkononi.

Jioni ya Alhamisi ya pili alirudi nyumbani akamkuta Crispin anachonga penseli.

"Baba Eveline, nimepita bondeni natoka kwenye kwaya yenu," alisema. "Majani yamejikunja. Nimeshika udongo, nimetoka na vumbi."

"Vuta subira, mke wangu. Mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu za nani? Mama Veneranda ameshaniwekea alama ya pili. Ya tatu ikiingia, maji anayachukua mwenye vitunguu, mimi nabaki na matuta ya kutazama."

"Alhamisi nitakwenda mimi kufungulia."

"Zamu haitumwi. Na hata ingetumwa, wewe ulishapigwa marufuku."

Ilikuwa kweli. Mwaka juzi Crispin alimsaidia kumwagilia kwa kufuata mchoro alioutengeneza mwenyewe, wenye mishale, na maji yakaenda kulala siku mbili kwenye kabichi za Devota. Kamati ya mfereji ilikutana ikiwa imesimama na ikamfungia maisha.

"Moiz yuko tayari kutuachia hata kesho," Rozalia aliendelea. "Kila siku anasema. Sisi tuko tayari. Wewe uko tayari. Sasa anayetuzuia ni nani?"

Crispin alitafuta jibu kwenye kichwa chake, ukurasa hadi ukurasa.

"Mchakato," alisema.

"Basi kamwambie Alhamisi nina maji."

Hakupaza sauti. Alikwenda jikoni akaanza kuchagua dagaa, na alivyokuwa akiwachagua, mmoja mmoja, huku mgongo ukiwa umeinama vile vile kama kwenye mkanda, Crispin aliona aibu. Hakuwa ameizoea. Akadhani ni malaria, akameza panadol mbili, haikuondoka. Jumatatu akapanda basi la Mbeya.

Jumanne saa tatu asubuhi alikuwa amesimama mbele ya Ofisi ya Kanda, ghorofani Mwanjelwa, juu ya duka la magodoro. Mlango ulikuwa na kufuli. Kwa kuwa Ofisi ilitakiwa kuwa mfano wa kuigwa, ilikuwa imejipunguzia saa zake yenyewe kwanza. Ilifunguliwa saa nne na kufungwa saa sita, na katikati palikuwa na chai. Crispin hakukumbuka kama upunguzaji huo ulizinduliwa, na hakuthubutu kuuliza.

"Subiri tu hapa, kaka, kaa," Hetal, binti wa mwenye duka, alimwambia Crispin, akimsogezea ukingo wa godoro. "Hao wa juu ni wateja wangu wazuri. Wameshachukua matatu ya futi tano. Wanasema ni vitendea kazi."

Mkurugenzi wa Kanda, Mheshimiwa Asukile Mwakibete, alimpokea saa nne na nusu kwa ukarimu wote wa Unyakyusa. Alikuwa mtu mnene, mpole, aliyependa watu, hasa wakiwa wamekaa kwenye mistari na wamemtazama.

"Shikamoo, mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndaga fijo, asante sana kwa kuja. Viashiria vinasemaje huko chini?"

"Viashiria viko vizuri, mheshimiwa. Ila maharage yanakauka."

"Maharage yapo kwenye bangokitita?"

"Hayapo."

"Basi hiyo si changamoto, mwanangu. Hiyo ni hali ya hewa."

Crispin akaeleza kwa lugha inayokubalika kwamba wadau wa ngazi ya chini wamefikia kilele cha utayari, na kwamba utayari ukizidi sana huharibika. Mheshimiwa akamwelewa mara moja. Akafungua kabati akatoa hotuba yake, iliyokuwa imekamilika tangu mwezi wa nne. Ilikuwa na kurasa hamsini na mbili na ilihusu thamani ya muda.

"Nitakuja Alhamisi hii, saa nne kamili asubuhi," alisema. "Lakini nina jambo moja linanisumbua. Mwaka jana nilikwenda mahali kuzindua wiki ya usafi. Watu wakala pilau, wakaondoka. Nikahutubia viti, mwanangu. Viti mia tatu. Sitaki kurudia."

Hapo hapo akachukua kalamu akaandika upya kifungu cha saba cha waraka, kwa mkono wake. Kilisema kwamba kuhudhuria uzinduzi ni kazi kama kazi nyingine. Kwamba kila atakayeingia, mgeni au mwenyeji, ataandikishwa getini na kuhesabiwa yuko kazini. Na kwamba atakayeondoka kabla ya king'ora cha kufunga kazi ametoroka kazini. Kifungu cha nane hakukigusa, kwa kuwa alikitunga zamani na alikipenda. Kilikuwa cha kuwatisha wenye viwanda. Kilisema utepe ukishakatwa, waraka unaanza kutumika papo hapo. King'ora kitapigwa saa tisa bila kukosa. Na yeyote atakayekutwa kazini dakika kumi baada ya hapo, pamoja na aliyemzuia, wametenda kosa, isipokuwa wana kibali cha saa za ziada kutoka kwa Mkurugenzi wa Kanda.

Crispin alirudi Ilula akihesabu kwa vidole. Afike saa nne, aseme mpaka saa saba, watu wale, saa tisa watoke, saa kumi maji. Alimwambia Rozalia, na Rozalia akamuuliza swali moja tu, kama Mheshimiwa atatokea Mbeya siku hiyo hiyo. Crispin akasema ndiyo. Rozalia akaenda kunoa jembe.

Alhamisi ikafika. Mashine zilizimwa saa tatu na nusu. Wafanyakazi sitini na wanne waliandikishwa getini, wakavaa fulana za kwaya, wakakaa chini ya turubai katika uwanja wa kiwanda. Saa nne ikapita. Crispin alipiga simu, akaambiwa Mheshimiwa anakaribia. Neno hilo kwetu lina upana wake. Saa tano alikuwa amekaribia hadi Igawa, bado mkoani Mbeya, ambako alisimama kununua mchele. Saa sita alikuwa bado anakaribia. Kwaya iliimba beti zote tisa mara nne, na kwa mara ya tano ikaimba bila mtu kuiomba, ili isisinzie. Moiz alitembea kutoka turubai hadi kwenye matenga ya nyanya yaliyokuwa yanalainika juani, akarudi, akaenda tena.

"Siku ya kupunguza kazi," alimwambia Crispin, "na ndiyo siku ndefu kuliko zote nilizowahi kuwa nazo hapa."

Mheshimiwa aliteremka garini saa nane na dakika tano, mwenye afya na furaha, akiomba radhi kwa niaba ya barabara. Aliandikishwa getini kama kifungu kilivyotaka, akapongeza usimamizi makini. Utepe ulikatwa saa nane na nusu kwa mkasi wa kukatia maboksi, maana ule rasmi ulisahaulika Mbeya. Watu wakapiga makofi. Kisha Mheshimiwa akapanda jukwaani, akatangaza kwamba itifaki imezingatiwa, na baada ya kutangaza hivyo akaizingatia upya, akimtaja kila aliyekuwepo mwenye cheo na wachache waliotarajiwa kukipata.

Ilipofika saa tisa kasoro dakika moja alikuwa ukurasa wa tisa.

Dastan, fundi wa mitambo, alikuwa amesimama kando ya swichi ya king'ora, mkono umening'inia karibu yake. Alimtazama Crispin. Naibu mkurugenzi, aliyekuja na Mheshimiwa, naye aliliona hilo, akamwonyesha Crispin kiganja, taratibu, kama mtu anayemtuliza mbwa. Maana yake ilijulikana. Barua ya kumthibitisha Mratibu kazini ilikuwa inasubiri sahihi ya naibu huyo.

Sasa hapa kuna watu wanasema Crispin aliasi. Tunakanusha. Crispin hajawahi kuasi kitu chochote. Hata ugali mbichi huwa anaumaliza. Alichofanya ni kufungua waraka ukurasa wa nne na kukisoma kifungu cha nane, mara mbili. Utepe ulikuwa umekatwa. Kifungu kilisema king'ora kitapigwa bila kukosa, na hakikusema kama mheshimiwa anapenda. Halafu akainua macho akamwona Rozalia, mstari wa tatu, amekaa kwenye ukingo kabisa wa kiti, ameshavua viatu na kuvishika mkononi tayari kwa mbio. Alikuwa amelitazama jukwaa kwa adabu zote, na machozi yalikuwa yamemjaa. Crispin aliogopa sana. Aliogopa kuikosa barua ile, na aliogopa zaidi kurudi nyumbani kumwona anachagua dagaa.

Akamwinulia Dastan kidole gumba.

King'ora kililia. Wafanyakazi wakasimama, mstari wa mbele kwanza, kwa utaratibu uliofanyiwa mazoezi na kamati ndogo ya itifaki, wakaelekea getini kusaini.

"Ndugu zangu, kaeni," Mheshimiwa alisema kwenye kipaza sauti. "Bado sijaingia kwenye mada."

"Tunakutii, mheshimiwa," Devota alimjibu, akiinama kidogo huku anatembea. "Umesema mwenyewe, ukurasa wa sita. Dakika ya mfanyakazi ni mali ya mfanyakazi. Tumeipigia makofi."

Rozalia alikuwa ameshapita. Alisaini kwa kalamu ya mlinzi, akatoka nje ya geti kwa mwendo wa heshima, hatua kumi, kisha akakimbia.

Mheshimiwa alimgeukia Moiz. "Warudishe watu wako."

"Ningependa sana," Moiz alisema, na sura yake haikuonyesha kitu. "Lakini nikiwarudisha nimevunja kifungu cha nane. Nahitaji kibali cha saa za ziada."

"Kibali nakitoa mimi."

"Ndiyo, mheshimiwa," alisema Crispin, aliyetaka kusaidia kwa dhati. "Kinaombwa siku kumi na nne kabla, nakala tatu."

"Kwa nani?"

"Kwako."

"Basi nimeomba na nimejikubalia."

"Ofisi yako ilifungwa saa sita, mheshimiwa. Kesho inafunguliwa saa nne."

Mlinzi wa geti akasogea akiwa amekumbatia kitabu cha mahudhurio, akaeleza kwa unyenyekevu kwamba jina la Mheshimiwa nalo limo, chini ya safu ya waliopo kazini, na kwamba zimebaki dakika tatu. Mkurugenzi wa Kanda, naibu wake na kurasa arobaini na tatu ambazo hazijasomwa wakatolewa nje kwa mujibu wa waraka, na geti likafungwa.

Nje, tatizo likajitokeza. Mpiga picha wa Ofisi alikuwa na picha mbili, moja ya utepe na moja ya viti. Ripoti ilitaka picha ya wanufaika. Bila wanufaika, naibu alisema, huko juu watauliza saa hizo zimepunguziwa nani. Mheshimiwa akauliza wanufaika wamekwenda wapi, na Crispin, ambaye siku hiyo ulimi wake ulikuwa umezoea kusema kweli, akasema bondeni. Akapandishwa garini awaonyeshe njia. Njia ya bondeni haikuwa imetengenezwa kwa ajili ya magari ya Ofisi, kwa hiyo walifika saa kumi kamili.

Mama Veneranda alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfereji, daftari likiwa juu ya magoti. Rozalia alikuwa amesimama mbele yake, peku, fulana ya kwaya imeloa jasho, kifua kinapanda na kushuka. Mama Veneranda alitazama saa yake ya mkononi, akalitafuta jina, akaliwekea alama ya vema.

"Fungua," alisema.

Rozalia alipiga jembe mara mbili. Maji yaligeuka, yakasita kwenye tuta la kwanza, yakaingia. Udongo ulikuwa umekauka kiasi kwamba ulitoa mlio. Crispin alisimama kando ya gari akiyatazama, akafurahi mpaka macho yakamlowa, na hakutafuta panadol.

Mheshimiwa alikuwa ameshuka na viatu vyake vyeusi mpaka katikati ya kinyungu, akifuatwa na naibu na mpiga picha. Aliwasalimu wote kwa ujumla. Aliomba wasogee karibu, wapige picha wakiwa na nyuso za mapumziko, halafu amalizie kurasa chache zilizobaki, hazikuwa nyingi. Hakuna aliyenyanyua kichwa. Mwenye vitunguu alikuwa anapalilia, Devota alikuwa anafunga kabichi, na Rozalia alikuwa anakuja na maji.

"Shikamoo, mheshimiwa," Rozalia alisema. "Naomba usogee. Umesimama kwenye njia ya maji."

Mheshimiwa aligeuka kuangalia nyuma yake, aone anayeambiwa asogee ni nani. Hakukuwa na mtu.

Mama Veneranda akamwita Crispin kwa kidole.

"Kamwene," alimsalimu kwa Kihehe. "Huyu ni nani?"

"Ni mgeni rasmi, mama. Ndiye Mkurugenzi wa kupunguza saa."

Mama Veneranda alimpima Mheshimiwa kuanzia tai hadi viatu, ambavyo maji yalikuwa yameshaanza kuvizunguka. Kisha akaweka kiganja juu ya daftari, kama mtu anayefunika chungu.

"Mwambie saa ya Rozalia asiiguse," alisema. "Na kama ana haja na watu wangu, aandike jina. Mbele yake wapo kumi na wanane."

Crispin akamtafsiria kwa lugha ya kiofisi, kwamba ombi limepokelewa na litashughulikiwa kwa kufuata orodha. Naibu akaandika jina, kwa mwandiko mzuri, kwa kalamu nyekundu aliyoazimwa. Mheshimiwa akasogea. Maji yalipoingia kwenye tuta la kumi na nne, saa ya Rozalia ilikuwa bado ina dakika saba, na Mkurugenzi wa Kanda alikuwa angali amesimama pale ukingoni, soksi zimelowa, hotuba kwapani, wa kumi na tisa kwenye daftari, akisubiri kuitwa.